Shajara ya pingamizi la thamani ya nyumba, Texas 2025: nyumba tatu, zilipokwama na zilipopita

Nyumba zote tatu ziko kaunti moja ya Texas. Nyumba A ni ya familia iliyoinunua Mei 2024 kwa dola 339,000. Nyumba B ni ya mzee aliyeishi humo miaka mingi. Nyumba C imepangishwa, na mwenyewe ni dereva wa lori ambaye yuko barabarani wiki tatu kati ya nne. Anwani zimeondolewa. Hesabu zimeachwa zilivyo, pamoja na zile tulizokosea, ili atakayenakili asizirudie.

Aliyezoea kukatwa kodi ya majengo kwenye umeme wa LUKU kule Tanzania, kiasi kilekile kila mwezi bila mtu kuuliza nyumba ina thamani gani, huona ajabu kwamba hapa thamani yenyewe inabishaniwa kila mwaka. Texas haitozi watu kodi ya mapato ya jimbo. Shule, kaunti, mji na hospitali za umma zinakula kwenye nyumba, ndiyo maana bili ni nzito. Viwango vyote vikijumlishwa, nyumba A inatozwa dola 2.18 kwa kila dola 100 za thamani, na 1.05 kati ya hizo ni ya shule peke yake.

14 Aprili 2025: notisi zimefika

Kila notisi ina namba tatu zinazofanana kwa sura. Kwanza ni thamani ya soko, yaani bei ambayo ofisi ya uthamini inadhani nyumba ingeuzwa tarehe 1 Januari. Inafuata thamani iliyokadiriwa, ambayo ni ile ya soko baada ya kuwekewa kikomo cha sheria. Mwisho ni thamani inayotozwa, baada ya misamaha kutolewa.

Nyumba A: soko 361,400, iliyokadiriwa 361,400.
Nyumba B: soko 402,000, iliyokadiriwa 296,010.
Nyumba C: soko 305,000, iliyokadiriwa 288,000.

Kosa la kwanza lilifanyika siku hiyohiyo. Tulianza na B kwa sababu namba yake ya soko ndiyo iliyotisha zaidi, na kazi ya siku mbili ikapotea. B ina kikomo cha makazi, kile cha nyumba anayoishi mwenyewe: thamani iliyokadiriwa haiwezi kupanda zaidi ya asilimia 10 kwa mwaka. Mwaka jana ilikuwa 269,100. Ongeza asilimia 10 unapata 296,010. Kodi inatozwa kwenye hiyo. Hata bodi ya mapitio, ile inayosikiliza mapingamizi, ingeshusha soko kutoka 402,000 hadi 350,000, bili isingepungua hata senti. Kabla ya kukusanya ushahidi wowote, linganisha hizo namba mbili za mwanzo. Pengo likiwa kubwa kiasi hiki, achana na pingamizi, kagua misamaha.

Na kweli, B ilikuwa na kasoro upande wa misamaha. Mzee amepita miaka 65, lakini notisi ilionyesha msamaha wa makazi wa kawaida tu. Hakuwahi kuomba ule wa wazee, ambao pamoja na kupunguza thamani unaigandisha kodi ya shule isipande tena. Fomu ni ileile ya msamaha wa kawaida, 50-114, ukitia alama kisanduku cha umri. Imetumwa 15 Aprili na nakala ya leseni ya udereva, tukaomba na miaka iliyopita: maombi yaliyochelewa hupokelewa hadi miaka 2 baada ya kodi ya mwaka husika kuhesabiwa imechelewa.

16 Aprili: msamaha wa makazi wa nyumba A

Familia ya A haikuwa imeomba msamaha wa makazi kabisa. Walikuwa na barua tatu mezani kutoka kampuni zinazotaka malipo kuwajazia fomu. Fomu 50-114 ni bure, na inapokelewa bure na ofisi ya uthamini ya kaunti. Barua hizo zitupwe.

Imetumwa. (Nyongeza ya 9 Mei: imerudishwa. Leseni ya baba ilikuwa bado na anwani ya apatimenti ya zamani. Sheria inataka anwani ya kwenye leseni au kitambulisho cha jimbo iwe ileile ya nyumba. Anwani imebadilishwa mtandaoni kwa dola 11, fomu ikatumwa upya na kupokelewa.)

Kikomo cha asilimia 10 hakiji pamoja na msamaha. Kinaanza mwaka unaofuata mwaka wa kwanza wa msamaha, kwa hiyo kwa A ni 2026. Kwa hiyo thamani ya 2025 ndiyo itakayokuwa msingi wa kikomo cha miaka inayokuja, na kila dola itakayoshushwa sasa itaendelea kufanya kazi baadaye.

26 Aprili: pingamizi limewasilishwa, A na C

Mwisho ni 15 Mei, au siku 30 tangu notisi itumwe, ipi itakayochelewa. Fomu ni 50-132. Kwenye sababu tumetia alama mbili: thamani ya soko si sahihi, na nyumba imekadiriwa bila usawa ikilinganishwa na nyingine. Watu wengi hutia ya kwanza tu. Usipotia ya pili, mlango huo unaweza kufungwa, na kwa A huo ndio uliokuja kutuokoa.

Wapo wanaoogopa kwamba bodi itakasirika na kupandisha thamani. Tangu marekebisho ya sheria ya 2019, bodi haiwezi kutoa thamani iliyo juu ya ile iliyopingwa.

3 Mei: kupima nyumba A

Kadi ya nyumba kwenye tovuti ya ofisi inasema futi za mraba 1,980 za ndani. Tumepima kwa tepu ya futi 100, kuta za nje, kona hadi kona, gereji ikiachwa. Mara mbili. Jibu: 1,812.

Tofauti ni 168, na 168 ni 12 mara 14. Nyuma ya nyumba kuna baraza ya futi 12 kwa 14 yenye paa. Haina ukuta, kuna nguzo mbili tu na sakafu ya zege. Kwenye mchoro wa ofisi, kipande hicho kimeunganishwa na sebule kwa mstari mmoja na kuandikwa kama sehemu ya kuishi. Aliyechora pengine aliona paa kwenye picha ya angani akadhani ni chumba.

Picha nne zimepigwa: baraza kutoka pembe mbili, tepu ikiwa imelazwa kwenye upande wa futi 14 namba zikisomeka, na mlango wa kioo wa kutoka sebuleni. Picha ya tepu ndiyo iliyofanya kazi. Zile nyingine tatu hakuna aliyeziuliza.

20 Mei: mkutano usio rasmi, A. Jedwali la kwanza limekataliwa

Kabla ya bodi kuna mazungumzo na mthamini mmoja, kwa simu au ofisini. Tuliingia na mambo manne, na mawili yakatugeukia.

Kipimo kilipita mara moja. Mthamini alisahihisha mchoro wakati tunaongea, akahamisha futi 168 kwenye fungu la baraza, ambalo lina bei ndogo lakini si sifuri. Thamani ikashuka kutoka 361,400 hadi 343,100. Tulikuwa tumepiga hesabu kwamba ingeshuka kwa karibu 24,700, yaani 168 mara dola 147 za kila futi. Hesabu hiyo ilikuwa mbovu: baraza ipo na inathaminiwa.

Jedwali la nyumba za jirani lilikataliwa kabla hajafika mstari wa tatu. Tulichukua majirani kumi tukaandika thamani zao zilizokadiriwa, nyingi zikiwa chini ya 290,000. Zilipendeza sana. Lakini saba kati yao wana kikomo cha asilimia 10, kwa hiyo namba zao zimeshikiliwa chini na sheria, si na soko. Kifungu cha 41.43 cha sheria ya kodi ya Texas kinasema wazi kwamba kwa nyumba zenye kikomo, ulinganisho wa usawa unafanywa kwa thamani ya soko. Ukienda na jedwali la namba za kikomo, mthamini anajua papo hapo kwamba hujasoma.

Hati ya kufungia mauzo, yenye bei ya 339,000, tuliituma pamoja na kila kitu. Hilo ndilo kosa tunalolijutia zaidi. Texas haimlazimishi mnunuzi kuitajia ofisi ya uthamini bei aliyonunulia. Bei hiyo ilikuwa chini ya notisi, tukadhani ni silaha. Ikawa sakafu: mthamini akatoa ofa ya 339,000 palepale na kukataa kushuka zaidi, kwa kuwa "ndiyo mliyolipa". Hati hii itolewe pale tu bei ya kununulia inapokuwa chini ya kila namba nyingine uliyonayo. Ukiulizwa, una haki ya kutoitoa. Kudanganya ni jambo jingine.

La nne lilikuwa msingi wa nyumba. Udongo wa hapa ni mfinyanzi unaovimba mvua ikinyesha na kunywea kiangazi, na misingi hupasuka. Tulikuwa na makadirio ya fundi: nguzo 18 kwa dola 650 kila moja, jumla 11,700. Yalikuwa ya tarehe 12 Mei. Mthamini akauliza swali moja: ufa ulikuwepo 1 Januari? Hatukuwa na jibu la maandishi.

Ofa haikukubaliwa. Ukisaini makubaliano hapa, mwaka huo umefungwa. Hakuna bodi, hakuna rufaa.

28 Mei: kuomba ushahidi wa ofisi

Kifungu cha 41.461 kinampa mwenye nyumba haki ya kupata, angalau siku 14 kabla ya kikao, data na majedwali yote ambayo ofisi itayatumia dhidi yake, bila malipo. Tuliomba kwa simu tangu mapema Mei. Hakuna kilichokuja, na hatukuwa na cha kuonyesha kwamba tuliomba. Leo imeandikwa barua ya mistari minne ikitaja namba ya akaunti na kifungu, ikatumwa kwa barua pepe na kwa posta yenye risiti. Kilichoombwa kwa maandishi kisipoletwa, ofisi hairuhusiwi kukitumia kwenye kikao. Simu haikupi ngao hiyo.

17 Juni: jedwali la pili

Pakiti ya ofisi imefika, kurasa 31. Mali kubwa zaidi humo ilikuwa kiwango chao cha marekebisho ya ukubwa: dola 68 kwa futi ya mraba. Ukitumia kiwango chao wenyewe, hawawezi kubishana nacho.

Safari hii nyumba ni saba, zote za msimbo uleule wa mtaa, daraja lilelile la ujenzi, mwaka wa ujenzi usiopishana zaidi ya miaka mitatu, ukubwa kati ya futi 1,650 na 2,000, na zote kwa thamani ya soko. Mfano wa mstari mmoja: jirani ana soko la 331,200, futi 1,905, na bwawa la kuogelea lililoandikwa 18,000. Ondoa bwawa, kwa kuwa A haina: 313,200. Futi 93 alizozidi mara 68 ni 6,324. Inabaki 306,876. Viwanja vina thamani sawa, hakuna cha kurekebisha hapo.

Saba hizo baada ya marekebisho, kutoka chini kwenda juu: 306,876, 312,400, 317,900, 321,750, 325,300, 333,000, 340,200. Sheria haitaki wastani wa kujumlisha na kugawa, inataka namba ya katikati: 321,750. Kishawishi cha kuondoa ile ya 340,200 kilikuwepo. Imeachwa. Jedwali lenye nyumba za bei ya chini peke yake linanuka kutoka mbali.

Uzuri wa hoja ya usawa ni kwamba inasimama bila kujali bei ya kununulia. Nyumba inaweza kuwa na thamani ya 339,000 sokoni. Kama zinazofanana nayo zimekadiriwa 321,750, mwenye nyumba anastahili hiyo. Hapo ndipo sakafu tuliyojijengea Mei ilipoanza kubomoka.

Kuhusu msingi: ripoti ya ukaguzi wa kabla ya kununua, ya Aprili 2024, ilipatikana kwenye barua pepe ya mama wa nyumba. Ukurasa wa 9 una picha za nyufa juu ya milango miwili na kipimo cha sakafu iliyoinama. Sasa tarehe inatubeba. Ila hatukutoa 11,700 kwenye bei ya soko, maana bei ya 339,000 ilikubaliwa ripoti hiyo ikiwa mezani. Ingekuwa kuhesabu kitu mara mbili. Imewekwa kama tofauti ya hali tu, kwa maneno, chini ya jedwali.

8 Julai: kikao cha bodi, A

Wajumbe watatu, mthamini mmoja (si yule wa Mei), kiapo, takriban dakika 15. Nakala tano zilizochapwa: tatu za wajumbe, moja ya mthamini, moja yetu. Picha za kwenye skrini ya simu hazifai, kwa sababu bodi inabaki na ushahidi.

Sentensi ya kwanza iwe namba: "Tunaomba 321,750 kwa sababu ya kukosekana kwa usawa, ukurasa wa 2." Bodi haipangi viwango vya kodi, kwa hiyo kulalamika kwamba kodi ni kubwa au mshahara ni mdogo ni kuchoma dakika. Viwango vinapangwa na halmashauri na bodi za shule kwenye vikao vyao vya mwisho wa kiangazi. Malalamiko hayo yapelekwe huko.

Mthamini alileta jedwali la nyumba tano lenye namba ya katikati ya 338,000. Kwenye pakiti tulikuwa tumeona mapema kwamba mbili kati ya hizo tano zimeandikwa kama zilizokarabatiwa upya, na hakuna marekebisho yoyote ya hali kwenye safu yake. Kidole kiliwekwa kwenye safu hiyo tupu, swali likaulizwa, na jibu halikuwepo. Kwa sheria, mzigo wa kuthibitisha thamani uko kwa ofisi.

Bei ya kununulia ilitajwa tena. Jibu: hoja yetu ni usawa, si soko. Mjumbe mmoja alitikisa kichwa kukubali, mwingine akaandika kitu.

Uamuzi: 324,500.

17 Julai: nyumba C kwa simu

Nyumba ya kupangisha haina kikomo cha asilimia 10. Kwa miaka ya 2024 hadi 2026 ina kikomo cha asilimia 20, kwa mali zisizozidi takriban dola milioni 5. Mwaka jana C ilikuwa 240,000, ndiyo maana iliyokadiriwa ni 288,000. Maana yake, dola 17,000 za kwanza zitakazoshushwa kwenye soko hazileti faida yoyote. Lazima uvuke chini ya 288,000.

Dereva alitaka kikao kwa simu. Ombi liliandikwa zaidi ya siku 10 kabla, kama inavyotakiwa. Kilichosahaulika: anayehudhuria kwa simu lazima ushahidi wake uwe umetangulia kwa hati ya kiapo, fomu 50-283. Tulikuwa tumetuma ushahidi mtupu bila kiapo. Ikagundulika siku tatu kabla, mwenyewe akiwa Oklahoma. Alisimama kituo cha malori chenye mthibitishaji wa viapo, akasaini, akatuma. Ingegundulika asubuhi ya kikao, picha za bati lililopigwa na mvua ya mawe zisingepokelewa.

Uamuzi: 279,000. Iliyookolewa ni tofauti ya 9,000 tu, si 26,000. Kwa kiwango cha 2.31 cha mtaa ule, ni dola 208.

5 Agosti: amri imefika, A

Amri inataja 324,500 na haisemi walivyofika hapo. Kuanzia siku ya kuipokea kuna siku 60 za kwenda usuluhishi au mahakamani. Amana ya usuluhishi kwa nyumba ya makazi isiyozidi 500,000 ni dola 450. Ukishinda unarudishiwa ikipungua 50. Tunachogombea sasa ni 2,750 za thamani, sawa na dola 60 za kodi. Tumeishia hapa.

20 Novemba: bili

Tarehe 4 Novemba wapiga kura wa Texas walipitisha msamaha wa makazi wa shule upande kutoka 100,000 hadi 140,000, ukihesabiwa kuanzia mwaka huuhuu. Nyongeza ya wazee nayo imetoka 10,000 hadi 60,000, kwa hiyo mzee wa B amepata mara mbili. Ombi lake la miaka ya nyuma limekubaliwa pia, na hundi ya marejesho imefika.

Kwa A, pingamizi limeshusha 36,900, ambazo kwa 2.18 ni dola 804 (pungufu kidogo pale kaunti inapotoa msamaha wa asilimia). Msamaha wa shule peke yake ni 140,000 kwa 1.05, yaani dola 1,470. Ile fomu iliyorudishwa kwa ajili ya leseni imeleta karibu mara mbili ya miezi mitatu ya majedwali.

Bili ilipwe kufikia 31 Januari. Kuanzia 1 Februari inaongezeka asilimia 7, iwe rufaa ipo au haipo.

Gharama, nyumba zote tatu

Leseni 11, tepu 19, uchapaji 22, posta yenye risiti 10, mthibitishaji 10. Jumla dola 72. Makadirio ya fundi wa msingi yalikuwa bure. Wakala mmoja wa mapingamizi aliyeandika barua alitaka asilimia 30 ya kodi itakayookolewa. Kwa A ingekuwa dola 241. Saa za kazi kwa A zilifika karibu 19, na sita kati ya hizo zilikwenda kwenye lile jedwali la kwanza.

Ya kuangalia Aprili 2026

A: thamani iliyokadiriwa isizidi 356,950, yaani 324,500 na asilimia 10, isipokuwa pameongezwa jengo jipya. Hakikisha kadi bado inasoma futi 1,812, na ripoti ya msingi iwekewe risiti kama nguzo zitakuwa zimefungwa. B: hakikisha kiasi cha kodi ya shule kimegandishwa kwenye bili. C: kikomo kipya ni 334,800, na fomu 50-283 isainiwe kabla lori halijaondoka.